Mzoga Uliovushwa Kijito

Harufu ilimpokea Notburga kwenye kona ya mwisho, pale njia inapotoka msituni na kuingia malishoni. Mgongoni alikuwa na kapu lenye maua ya karatasi, utepe na waya. Mkononi ana mkate wa mwanawe. Akasimama. Akavuta pumzi kwa pua, akaitoa haraka kwa mdomo. Yeye alizaliwa kwenye samadi na kulelewa kwenye samadi, na jibini la kuota ukungu ndilo chakula chake cha kila siku, kwa hiyo si mtu wa kushtushwa na harufu. Lakini hii haikuwa samadi wala jibini. Hii ilikuwa na utamu ndani yake, na ilikaa juu ya ulimi.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ng'ombe walitakiwa kushuka kutoka malisho ya Gamsgrub kurudi Lahnegg, kijiji kilichobanwa chini kabisa kati ya milima miwili. Tangu Juni walikuwa huku juu na Vinzenz, mwanawe wa pekee.

Akawahesabu akiwa bado anatembea, kama anavyowahesabu miaka yote. Kumi na saba. Akarudia kuanzia upande wa pili. Kumi na saba. Aliyekosekana alikuwa Zirbe, yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jicho.

Vinzenz alikuwa anaosha ndoo mbele ya kibanda. Hakugeuka.

"Zirbe yuko wapi?"

"Karibu, mama. Leo umepanda haraka."

"Nimekuuliza Zirbe."

"Alivuka kijito, akaanguka huko ng'ambo."

"Lini?"

"Kama wiki hivi."

"Na wiki nzima mdomo wako ulikuwa umejaa nini?"

"Mama, alifia ng'ambo. Ng'ambo si kwetu. Mjomba Egon alikuja akaona kwa macho yake. Kasema mataji yanavikwa kama kawaida."

Notburga akaweka kapu chini polepole. Huko kwao, majira ya joto yakiisha na wanyama wote wakawa wazima, ng'ombe huvikwa mataji ya matawi ya msonobari na maua, wakashuka kwa kengele kubwa na kila mtu akatoka nje kuwatazama. Akifa mmoja, au akifa mtu wa nyumba hiyo, wanashuka vichwa vitupu, kengele zimezibwa kwa nyasi, na watu huvua kofia bila kuuliza. Mwaka aliokufa mumewe walishuka hivyo, na hakuna aliyemsumbua kwa maswali.

Njia ya kukwepa ilikuwapo. Malisho yao yaliishia kwenye kijito. Mnyama aliyepotea akafia ng'ambo alihesabiwa kuwa kafia ugenini, na mataji yakavikwa. Wazee waliiweka kwa ajili ya wale wanaopotea kweli.

"Nakwenda kumwona," alisema.

"Utaona nini, mama? Ameshaharibika."

"Pua yangu imeshaniambia."

Hakuhitaji kuelekezwa. Chini ya nguzo ya viti vya kamba, vile vinavyopandisha wageni wakati wa theluji, ulikuwapo mtaro mpya. Egon aliuchimba Julai apitishie mabomba ya kutengenezea theluji ya mashine, akauacha wazi bila hata kamba ya kuuzungushia. Kutoka kwenye mtaro huo hadi kijitoni majani yalikuwa yamechunika, mstari mpana kama mlango, na udongo umelambwa ukawa laini. Kwenye mawe yalibaki manyoya mekundu. Mahali pamoja palikuwa na kipande cha ngozi, nzi wamekikalia hata rangi yake haionekani.

Zirbe alikuwa ng'ambo, kweli, lakini nusu yake tu. Miguu ya nyuma ilikuwa juu ya ukingo, mmoja ukiwa bado na kamba ya chuma. Kuanzia tumboni kwenda mbele alikuwa ndani ya maji. Tumbo lilikuwa limepasuka pale kamba ilipomkata, na mabuu yalikuwa yakichemka ndani yake kama wali unaotaka kufurika sufuria. Jicho la upande wa pembe mbovu halikuwapo tena.

Lakini kilichomchafua roho Notburga si mabuu. Ni maji. Yalikuwa yanaingia upande mmoja wa tumbo na kutoka upande wa pili, meupe, yanameta, mazuri kabisa. Hatua hamsini chini yake palikuwa na wavu wa chuma, na chini ya wavu bomba lililolazwa na baba mkwe wake pamoja na wanaume wa kijiji. Bomba hilo lilishuka mlima mzima na kutokea kwenye hodhi la mbao mbele ya kanisa la Lahnegg.

Aliinama kando ya njia akatapika, akajifuta kwa kona ya aproni, akarudi.

"Mwanangu," alisema, "yule hakuvuka. Amevushwa."

Vinzenz alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mabega ya baba yake, na alipotaka kusema uongo masikio yalimwiva kama alivyokuwa mdogo.

"Alitumbukia mtaroni. Nilimkuta siku ya tatu, ameshavimba. Mama, ningeita helikopta ya kubebea mizoga ije imbebe, Lahnegg nzima ingeinua shingo. Wangejua."

"Wangejua nini? Kwamba ng'ombe hufa?"

"Kwamba hakuna mataji. Mabasi kumi na manne ya wageni yanakuja Jumamosi kuyaona, mama. Kumi na manne. Mjomba amesimamisha mahema tangu jana."

"Nani alishika kamba?"

"Mjomba aliendesha winchi. Mimi nilishika kamba."

"Na tumbo lilipopasuka?"

Vinzenz akatazama viatu vyake, na Notburga naye akavitazama, akaona vimeoshwa vizuri mno kwa viatu vya mchungaji.

Wakati huo gari la Egon likanguruma kwenye njia ya msituni. Egon alikuwa mdogo wake Notburga, tumbo moja, lakini ungewaweka pamoja usingesema. Dada alikuwa mkavu kama kijiti. Kaka alikuwa mnene, mwekundu, kofia ina unyoya. Hoteli yake ilikuwa kubwa kuliko kanisa, na yeye ndiye mkuu wa mambo ya wageni kijijini.

"Dada, bado unapanda mlima kwa miguu kama mbuzi? Viti vyangu vya kamba vinatembea bure."

"Viti vyako vinanuka mzoga."

"Ndiyo harufu ya shamba hiyo. Wageni wanailipia."

"Egon, ng'ombe yuko ndani ya maji ya kijiji."

"Ukingoni," Egon alisema. "Ukingoni, dada. Usiongeze chumvi. Kwetu chumvi iliisha na nyumbu."

Alicheka peke yake. Maana babu yao alikuwa na nyumba ya kulala wapita njia, enzi nyumbu wa mizigo walipovuka pengo la mlima na chumvi kwenda kusini na kurudi na divai. Kisha watu wa bonde la pili wakatobolewa njia ya treni, nyumbu wakaisha, na Lahnegg ikabaki na mteremko wake tu. Upande unaopigwa na jua ulitoa nyasi, japo mteremko wake ni mkali hata mtu hufyeka akiwa na misumari ya chuma chini ya viatu asije akabingirika hadi mtoni. Upande wa kivuli haukutoa kitu. Baba yao alipogawa urithi, alimpa Notburga jua na Egon kivuli, na wanawake walimpa Egon pole kama aliyefiwa. Miaka kumi baadaye wakaja watu wa kuteleza kwenye theluji, ikaonekana kwamba theluji ya upande wa jua huyeyuka Februari na ile ya kivulini hukaa hadi Pasaka.

"Baba alikupa jua," Egon alisema sasa, kama aliyekuwa akisoma mawazo yake. "Mimi alinipa mawe na baridi. Nani alinililia? Nikajitengenezea. Leo mwanao nampa viti vyote vya kamba avisimamie kuanzia Desemba, mshahara wa mwezi kwa mwezi, hana haja ya kufyeka nyasi akining'inia kama popo. Wewe unaniletea habari za ng'ombe mmoja."

Notburga alimgeukia Vinzenz. "Ni kweli? Ameshakuahidi?"

"Mama, nina mtoto."

"Nilikuwa na mtoto na mimi."

Hapo ndipo Notburga alipofanya kosa lake, na kila mwenye mtoto alitazame vizuri, maana halikuwa na sura ya kosa. Lilikuwa na sura ya huruma. Alimwona mwanawe amekaa juu ya ndoo, masikio mekundu, akaogopa kumpoteza. Akaanza kupatana bei.

"Nitafunga mataji," alisema. "Lakini leo hii Zirbe anatolewa majini, anafukiwa na chokaa. Na hodhi la kanisani linafungwa. Mtasema bomba bovu, mtasema mnachotaka. Mtu asinywe."

"Imekwisha hiyo, dada," Egon alisema.

"Sikusema na wewe. Vinzenz."

"Nitafanya, mama."

"Apa."

"Naapa kwa Afra."

Afra alikuwa binti yake, miaka mitano, mjukuu pekee wa Notburga. Kiapo hicho kikamtosha. Akakaa mlangoni mwa kibanda akaanza kusuka matawi kwenye fremu za mataji, na maua ya karatasi akayakaza kwa waya, mekundu, meupe, mekundu. Mikono ilifanya kazi nzuri. Alipomaliza taji la kumi na saba aliyanusa maua, na maua yalikuwa yameshanywa harufu ya kijitoni.

Jumamosi walishuka. Asubuhi ilikuwa safi, kengele zilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Notburga alitembea nyuma ya ng'ombe wa tatu na fimbo yake, na kila mara mataji yalipotikisika aliona tumbo lile linavyochemka. Walipofika nyumba za kwanza wageni walikuwa wamejipanga pande zote mbili, na saa nne ilikuwa haijafika. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama kwenye shamba la nyasi la Notburga, bia mkono mmoja, akikojoa kwa mkono wa pili, akimpungia kwa ile bia. Mbwa alijisaidia palepale zitakapofyekwa nyasi za ng'ombe wenye mimba, na mwenye mbwa akageuza uso kutazama mawingu. Kwenye ukuta wa makaburi kulikuwa na matapishi, bado yana vipande vya soseji. Mwanamke akamshika ng'ombe wa mbele pembe apigwe picha, akabusu hewa karibu na pua yake.

Hao walikuwa wageni, na mgeni huondoka. Alichefuliwa zaidi na watu wa kwao. Jirani zake wanaovaa suruali za kawaida mwaka mzima leo wametinga kaptula za ngozi, wanapiga mijeledi hewani mahali pasipo na mnyama wa kuswagwa, wakisubiri kupigiwa makofi. Baba zao walipiga mijeledi ile kwa sababu ya ng'ombe.

Kisha wakakata kona ya kanisa, akaliona hodhi.

Maji yalikuwa yanatiririka. Mbele yake palikuwa na ubao, umeandikwa kwa rangi ya kijani, MAJI YA MLIMA, ONJENI. Watoto wanne wa kijiji, wamevalia nguo za sherehe, walikuwa wanachota kwa vikombe vya mbao na kuwagawia wageni waliopanga foleni. Wa kwanza alikuwa Afra, nywele zimesukwa na utepe mwekundu uleule wa mataji.

Vinzenz alikuwa mbele ya kundi. Notburga aliona mgongo wake ukisimama. Alimwona akimwona mtoto. Akasema moyoni, sasa, mwanangu. Sasa ndiyo sasa.

Vinzenz akageuza kichwa. Hakumgeukia Afra. Alimgeukia Egon, aliyekuwa juu ya jukwaa na kipaza sauti. Egon alitabasamu kwa ajili ya wageni, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemfukuza nzi bila kutumia mkono.

Vinzenz akaendelea kutembea.

Na Notburga alisubiri. Alitaka afanye yeye, mwanawe, kwa mkono wake. Akasubiri pumzi moja. Akasubiri ya pili. Afra akainua kikombe, akanywa mwenyewe kwanza huku macho yakiwachekea wageni, kama alivyofundishwa.

Ndipo bibi yake akapita kati ya ng'ombe na kukipiga kikombe kile kikaruka hadi kwenye ngazi za kanisa.

"Umekunywa vingapi?"

Mtoto alishika mkono uliopigwa. "Vitatu, bibi. Au vinne. Babu Egon kasema nianze mimi ili wasiogope."

Notburga akawageukia watu. Alitumia sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima hadi mlima.

"Acheni kunywa. Ndani ya maji haya kuna mzoga."

Kisha kipaza sauti kikakohoa.

"Mabibi na mabwana, huyu ni dada yangu," Egon alisema. "Kila mwaka ana mzaha wake. Mwaka jana alisema kwenye jibini kuna panya."

Watu wakacheka. Wakapiga makofi hata. Mzee mmoja mwenye kamera shingoni alimwinulia kikombe chake, akasema, "Basi kwa afya ya mzoga, mama," akanywa chote, akajipangusa sharubu.

Ukishasema ukweli ukapigiwa makofi, unabaki na nini cha kusema? Notburga hakutafuta maneno mengine. Alimwendea ng'ombe wa mbele, akafungua kamba ya kidevuni, akalivua taji lililokuwa kubwa kuliko yote, akalitupa ndani ya hodhi. Akavua la pili, la tatu. Maua ya karatasi yakalowa, rangi ikaanza kutoka. Ilitoka taratibu kama moshi, nyekundu, ikajaa hodhi lote, na maji yaliyomwagikia kwenye mawe yakawa kama ya machinjioni.

Hapo wakaacha kunywa. Wakarudi nyuma wakitazama vikombe vyao kwa kinyaa. Walikinywa kibovu chote kwa sababu ya weupe wake, na kilichokuja kuwakirihi ni rangi ya karatasi.

"Umeniharibia, dada," Egon alisema karibu na sikio lake, kipaza sauti amekizima.

"Mzoga ungali majini?"

"Tungeutoa Jumatatu. Mashine zilikuwa kwenye mahema."

Alimtafuta Vinzenz. Alikuwa amesimama kati ya ng'ombe waliovuliwa na waliovikwa, fimbo mkononi, akimtazama kama mtoto anayengoja kuambiwa akae upande gani.

Jumapili mchana madirisha ya hoteli yalikuwa wazi yote na mashuka yananing'inia nje. Mabasi yaliondoka na watu waliokumbatia ndoo. Afra alipelekwa hospitali ya chini bondeni, akakaa siku kumi na moja na mpira wa maji mkononi, na kwa siku nne kati ya hizo alichotoa hakikuwa na jina zuri, na Notburga alikipangusa mwenyewe kwa sababu Leni, mama yake mtoto, alikuwa ameishiwa nguvu kwa kulia. Egon alisema ni soseji zilizotoka nje. Watu wa kupima maji wakaja na chupa zao, wakapanda, wakauona mguu wenye kamba ya chuma.

Siku ya sita Vinzenz alimkuta mama yake kwenye korido ya hospitali.

"Ningewaambia jioni, mama. Watu wakishaondoka. Nilikuwa nimeshapanga."

"Uliapa kwa nani?"

Vinzenz akatazama mlango wa chumba cha Afra.

"Ulipogeuza kichwa," Notburga alisema, "nilidhani unatafuta njia ya kumfikia mtoto."

"Nilikuwa natafuta."

Masikio yake yaliwaka mpaka shingoni. Notburga akatazama ukutani. Hakuendelea, kwa maana angeendelea ingembidi aziseme na zile pumzi mbili zake, na hizo hajamwambia mtu, hata padri.

Desemba Vinzenz alivaa koti jekundu la viti vya kamba. Analo mpaka leo. Ng'ombe Notburga aliuza kumi, akabaki na saba anaowaweza. Mwaka uliofuata walishuka vichwa vitupu, ingawa hakuna aliyekufa, na mgeni mmoja akamuuliza kama ameishiwa maua.

Afra alipona, akanenepa tena, anakimbia. Ila kitu kimoja kilibaki. Akiwa kwa bibi yake akasikia kiu, huenda kwenye mfereji mwenyewe, hujaza kikombe, hukileta kwa mikono miwili bila kumwaga hata tone.

"Onja wewe kwanza, bibi."

Notburga hukipokea. Mtoto humkazia macho mpaka aone koo linapanda na kushuka, kisha husimama akihesabu kimya kwa midomo, akingoja aone kama bibi ataugua. Maji ni safi, yamepimwa mara tatu, yana cheti. Notburga huyameza, na kila siku kwenye ulimi wake huukuta ule utamu.